Nyumba ya Mfanyakazi katika Mji wa Jamaa

Hapa Kisumu, ukitoka Kondele ukaingia Manyatta kwa miguu, haichukui muda kabla hujakuta ploti ya namna hii: safu mbili za vyumba vya udongo vilivyopigwa plasta ya simiti na kuezekwa mabati, milango ikitazamana, bomba moja la maji lililofungwa kufuli, choo cha shimo kwenye kona, na kati ya safu hizo kaburi moja au mawili yaliyosakafiwa, kamba ya nguo ikipita juu yake. Mwisho wa ua iko nyumba ya zamani zaidi, mlango wake ukielekea langoni, na humo ndimo anamoishi mwenye ploti, mara nyingi mama mjane ambaye wapangaji humwita Dani, yaani nyanya, au Mama kulingana na umri wake. Mpita njia huona msongamano tu. Afisa wa mipango huandika kwenye jedwali lake kwamba haya ni makazi yasiyo rasmi.

Hata hivyo, ploti ile imepangwa, tena kwa kanuni kongwe kuliko mji wenyewe: mahali pa mlango, mahali pa kaburi, upande wa mtoto wa kwanza na upande wa yule wa pili, hakuna kilichowekwa kwa bahati. Kisumu ina ramani mbili. Moja ilichorwa ofisini ili kumpatia mfanyakazi mahali pa kulala. Nyingine imo vichwani mwa familia, nayo humwelekeza mtu mahali pa kuishi, kuoa, kurithisha na kuzikwa. Kwa zaidi ya miaka 120 ramani ya kwanza imeendeshwa kana kwamba ya pili haipo, na sehemu kubwa ya yale tunayoyaita matatizo ya mji huu hutokea pale zinapokutana.

Reli ya Uganda ilifika hapa, kwenye Ziwa Victoria, Desemba 1901. Kituo chake cha mwisho, ambacho ndicho Kisumu ya leo, kilipewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Vilivyotangulia ni gati, karakana, maghala na ofisi, vyote vikipangwa kandokando ya maji, kwa sababu kazi ya mahali hapa ilikuwa kuhamisha mizigo kutoka treni hadi meli. Watu walipangwa baadaye, na walipangwa kwa rangi. Mnamo 1913 Profesa William Simpson, bingwa wa afya ya umma aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alizuru miji ya Afrika Mashariki wakati ambapo tauni ilikuwa tishio, na ripoti yake ikapendekeza kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe maeneo yao, na ukanda wazi uachwe kati yao. Utengano wa makazi mijini uliondolewa kwenye sera rasmi na Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la sera la serikali ya Uingereza, lakini kufikia hapo miji ilikuwa imeshakaa mkao huo, na masharti ya ujenzi pamoja na bei ya viwanja yakaendeleza kazi ambayo sera ilikuwa imeiacha. Hapa Kisumu, Milimani ilipata mwinuko, upepo na viwanja vipana. Mitaa ya biashara ikawa ya Wahindi, maduka chini na familia juu. Mwafrika alikuwa na kazi mjini, lakini kwao palihesabiwa kuwa kwingine.

Dhana hiyo ya mwisho ndiyo iliyochora nyumba zake. Waajiri na serikali walichukulia kwamba mwanamume huja mjini kutumikia mkataba, mkewe na watoto wakibaki shambani wakijilisha wenyewe, na kwa hiyo alichohitaji ni kitanda, paa na mahali pa kuoga pa pamoja. Hata mshahara wa chini ulikokotolewa kwa mahitaji ya mseja. Kamati ya Mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter ndiyo iliyopendekeza, mwaka 1954, kwamba malipo yaanze kuhesabiwa kwa mahitaji ya mtu mwenye familia. Ilikuwa imebaki miaka tisa tu kabla ya uhuru. Mshahara unaweza kubadilishwa kwa tangazo la serikali. Nyumba haibadiliki hivyo. Mitaa ya vyumba vya wafanyakazi iliyojengwa na reli na manispaa ilirithiwa na watu wenye wake, watoto na wazazi wa kutembelewa, nao wajenzi binafsi walipoanza kujenga vyumba vya kupangisha, kipimo walichokijua kilikuwa kilekile: futi 10 kwa 10, mlango mmoja, dirisha moja.

Na ile ramani nyingine? Boma la Mjaluo, yaani dala, lina mpangilio ambao mtu aliyekulia ndani yake anaweza kuuchora akiwa amefumba macho. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hukaa upande wa juu ikilitazama lango kuu. Ya mke wa pili na ya mke wa tatu huwekwa kulia na kushoto kwake. Mzee ana kibanda chake, duol, karibu na zizi la ng'ombe, ambapo wanaume hula na mashauri hukatwa. Wavulana wakibalehe hutoka katika nyumba ya mama na kujenga simba zao, yaani vibanda vya vijana wa kiume, karibu na lango, wa kwanza upande mmoja, anayemfuata upande wa pili, wakipokezana hivyo kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mume huzikwa upande wa kulia wa nyumba, mke upande wa kushoto. Na boma jipya halianzishwi ovyo: mwana aliyekomaa huondoka kwa baba yake alfajiri akiwa na jogoo, shoka na moto, pamoja na mkewe na mtoto wake wa kwanza wa kiume, na baba au mzee wa ukoo ndiye humwonyesha pa kusimamisha nyumba. Jirani zetu Waluhya nao wana kanuni zao za nani analala wapi na nani hapiti mlango gani, zinazotofautiana kati ya jamii moja na nyingine.

Wapo wanaodhani kwamba kupanga makazi kuliletwa na treni. Hao wafunge safari hadi Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, palipoandikishwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake za mawe, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zimepangwa bila tone la udongo wala chokaa na zimesimama kwa karne kadhaa. Ndani yake mna zizi, mahali pa nyumba, na malango mafupi yanayomlazimu anayeingia ainame, jambo lililofaa sana iwapo anayeingia ni adui. Kaskazini zaidi, Wabukusu nao walizungushia vijiji vyao kuta za udongo na mahandaki, na ngome ya Chetambe ilikuwa uwanja wa vita dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Hayo yote yalikuwa mipango, ingawa hayakuwa na mchoro wa karatasi.

Uzito wa ramani hiyo ya pili ulijulikana nchi nzima kupitia kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Otieno alifariki Desemba 1986 akiwa na makazi Nairobi na shamba Ngong alikotaka mjane wake, Wambui, amzike. Ukoo wa Umira Kager ulisema azikwe Nyalgunga, Siaya. Kwa miezi kadhaa mahakama zilisikiliza, pamoja na mengine mengi, hoja ya ukoo kwamba nyumba ya mjini, hata iwe nzuri na ya gharama kiasi gani, haiwi kwao mtu mpaka ianzishwe kwa taratibu za boma, mzazi au mzee akiwapo. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Mtu anaweza kuipinga hukumu hiyo kwa sababu nzuri, hasa kwa jinsi ilivyopima neno la mjane, na mimi ni mmoja wa wanaoipinga. Lakini mchora ramani wa mji hawezi kuipuuza, kwa kuwa inaeleza kwa nini mtu aliyeishi Kisumu miaka 40 bado anajenga Alego, Sakwa au Emuhaya nyumba atakayoilalia wiki mbili za Desemba, ilhali mjini anaridhika na chumba kisicho na dirisha la pili. Fedha yake ya ujenzi ipo. Imekwenda palipo na kaburi la babake.

Sasa turudi kwenye mitaa inayouzunguka mji wa zamani: Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani. Mwaka 1972 mipaka ya manispaa ilipanuliwa ikameza vijiji vilivyokuwa nje yake, na wenyeji wakalala wanavijiji wakaamka wakazi wa mji bila kuhama hata hatua moja. Ardhi ile haikuwa ya serikali. Ilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, ya familia zenye hati miliki za kudumu. Hapo ndipo Kisumu inapoachana na Kibera ya Nairobi, ambako kwa muda mrefu nyumba zimesimama juu ya ardhi ya umma na anayepokea kodi hana hati ya mahali anapopangisha. Msamiati wa "makazi haramu" uliotungwa kwa mazingira ya Nairobi haumfai mama wa Nyalenda anayeishi kwenye shamba la baba mkwe wake na ana karatasi ya kulithibitisha.

Kilichofuata kinaweza kusomwa ardhini. Kazi zilivutia watu, watu wakatafuta vyumba, na wenye madala wakaanza kujenga vya kupangisha, kwanza kando ya uzio, mahali ambapo simba za wavulana zingekuwa, kisha wakasogea katikati. Nyumba ya mikayi ikabaki ilipo. Makaburi nayo yakabaki, kwani nani angeyahamisha? Baba alipofariki, wana waligawana kwa mistari iliyofuata nyumba za mama zao, na kati ya ndugu wawili hakuna aliyeona haja ya kuacha barabara. Kichochoro cha kupitisha mkokoteni kilitosha. Wajukuu wakagawana tena. Ndiyo maana vichochoro vya Manyatta vinapindapinda: ukivifuata kwa makini, unafuata mgawanyo wa urithi wa ukoo mmoja hadi mwingine.

Gharama yake ni kubwa, na anayeitetea mila bila kuitaja hasemi ukweli wote. Choo kimoja na kisima kimoja vilivyokuwa vikilitosha boma la watu kumi na tano vinapohudumia vyumba ishirini, kila kimoja na familia yake, maji ya kisima hicho hayanyweki; uchafuzi wa visima vifupi vya Manyatta umeandikwa na watafiti kwa miaka mingi. Lori la kunyonya majitaka halipenyi. Zimamoto nayo vivyo hivyo. Huko Nyalenda, mto Auji ukifurika, maji hayana pa kwenda isipokuwa milangoni mwa watu. Kanuni za dala ziliwafaa watu wachache kwenye ardhi pana, na hazikuwahi kutunga jibu la swali la majitaka.

Ramani ya ofisini nayo haikufanya vizuri zaidi ilipoachiwa nafasi, na ushahidi uko ndani ya chumba. Chukua chumba cha futi 10 kwa 10 cha familia ya watu watano. Pazia huning'inizwa kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma yake kuna kitanda cha wazazi na masanduku. Mbele yake kuna viti, meza ndogo yenye kitambaa kilichofumwa, jiko la gesi la meko, na godoro la watoto linaloegemezwa ukutani mchana. Kijana wa kiume akifika miaka kumi na mitatu au kumi na minne, mila inasema hawezi tena kulala chini ya paa moja na wazazi. Shambani angejenga simba. Mjini hana pa kwenda, basi kila usiku hubeba blanketi akalale kwa mjomba asiyeoa, au kwenye chumba ambacho vijana wanne wamechangia kodi, na mzazi asiye na uwezo hupoteza usimamizi wake katika umri ambao mtoto anauhitaji zaidi. Tunaulizana kwenye mikutano ya chifu kwa nini vijana wa mitaa yetu wanazurura usiku. Baadhi yao wanatafuta pa kulala.

Mkwe ni suala jingine. Mama mkwe halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa, na katika jamii nyingi za huku baba mkwe na mke wa mwanawe huchungiana nafasi: haketi karibu naye, haoni kitanda chake, hawakutani mlangoni mwa bafu. Mzee anayetoka Ugenya kuja kutibiwa katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga huwa na mwana mwenye chumba Nyalenda, lakini humwona mwanawe akikimbia kumwombea malazi kwa jirani au akikopa fedha za gesti.

Ungetarajia kwamba kizazi kipya cha nyumba kingejifunza kutokana na haya. Mpango wa nyumba za bei nafuu, ambao tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 unagharimiwa kwa makato ya asilimia 1.5 ya mshahara pamoja na mchango kama huo wa mwajiri, umepandisha maghorofa nchi nzima, na mitaa ya zamani ya manispaa kama Makasembo na Lumumba hapa Kisumu, na Bondeni kule Nakuru, imo katika mabadiliko hayo. Sina ugomvi na ghorofa. Mji unaokua hauwezi kuendelea kutambaa kwenye mashamba ya mpunga na miwa, na maji ya bomba ndani ya nyumba ni heshima kubwa kwa mwanamke aliyekuwa akipanga foleni na mtungi. Ugomvi wangu ni na mchoro wa ndani. Katika nyumba nyingi za aina hii, za serikali na za watu binafsi, mlango wa mbele unafunguka sebuleni, jiko ni pembe ya sebule hiyohiyo, na mlango wa choo unaitazama meza ya chakula. Mchoro huo umetengenezwa kwa wanandoa wawili na mtoto mmoja wasiotembelewa na mtu yeyote wa kuonewa haya. Ingegharimu kiasi gani kuhamisha mlango wa choo ufungukie kwenye kiujia? Ukuta mmoja wa matofali, na mchoraji aliyewahi kumpokea mkwe.

Msiba ndio mtihani mkubwa zaidi wa mchoro wowote wa nyumba katika sehemu hizi. Mtu akifariki, kabla mwili haujasafirishwa, jamaa, wanachama wa chama, waumini wenzake na majirani hukusanyika kila jioni kwa siku kadhaa kuomba, kuimba na kuchanga. Boma lina ua wa kazi hiyo. Ploti ya Manyatta, kwa msongamano wake wote, bado ina upana kati ya safu mbili za vyumba, na hema likipigwa hapo watu huketi. Kwenye maghorofa hema hupigwa mahali pa kuegesha magari, magari yakaenda kuziba barabara, na mlinzi akabaki katikati ya wafiwa na wenye magari. Mikutano ya harusi, sherehe za kuzaliwa na vikao vya kurudishiana mikopo vya akina mama vina shida hiyohiyo. Ua si anasa ya kupunguzwa ili nyumba ziongezeke. Kwa watu hawa ua ni chumba, na pengine ndicho chumba kinachotumika zaidi.

Nakuru ni kipimo kizuri cha kama utamaduni una nguvu hizi ninazozidai, au ni umaskini tu unaojificha nyuma ya mila. Sheria za ujenzi ni zilezile, chumba ni kilekile cha futi kumi, na mji huo uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021 una kipato kisichotofautiana sana na chetu. Lakini Nakuru ilikulia katikati ya mashamba ya walowezi, kati ya kreta ya Menengai na ziwa lenye hifadhi yake, na baada ya uhuru ardhi nyingi ya pembezoni ilinunuliwa na makampuni na vyama vya ununuzi wa ardhi, wanachama wakagawiwa kulingana na hisa zao. Ploti ni ya futi 50 kwa 100, mistari imenyooka, barabara angalau imeachwa kwenye ramani. Mwenye ploti alinunua hisa. Babu yake amelala Murang'a, Nyamira au Vihiga. Kwa hiyo hujenga hadi kwenye mpaka, kisha hupanda juu, na mara nyingi haishi hapo. Keretaka hukusanya kodi. Vyumba vilevile, umbo tofauti kabisa. Nakuru ina njia zilizonyooka na wenye nyumba wasioonekana. Manyatta ina vichochoro na mwenye ploti anayejua mtoto wa nani amekosa shule. Huo ni utajiri ambao hakuna mradi wa uboreshaji unaouweka kwenye hesabu zake.

Mjini kati napo pana somo, ingawa fupi. Wajenzi wa Kihindi wa miongo ya kwanza waliweka vibaraza vyenye nguzo mbele ya maduka, na hadi leo kwenye Barabara ya Oginga Odinga utaona fundi cherehani, muuza magazeti na watu waliokimbia mvua ya alasiri wakikaa chini ya kivuli hicho. Majengo mapya yanakuja na kuta za vioo zinazolitazama jua la ikweta na kuhitaji umeme kuyapoza, na mbele yake hakuna pa kusimama. Kabla ya kongamano la Africities la Mei 2022, njia za waendao kwa miguu ziliwekwa kabro na zikapendeza kweli, lakini miaka hiyohiyo vibanda na nyumba nyingi zilikwenda na tingatinga. Februari 2021 Wanubi wa Kibos, waliokaa hapo tangu enzi za ukoloni, walipoteza nyumba zao kwenye ardhi ambayo Shirika la Reli linasema ni yake. Na ziwa, ambalo ndilo sababu ya mji kuwapo, bado liko nyuma ya reli, bandari, uzio na viwanja vya wachache, isipokuwa pale Dunga na sehemu nyingine chache.

Katika kutafuta "usanifu wa Kiafrika", wengi hukimbilia umbo. Hoteli za huku hujenga vibanda vya duara na kuviezeka makuti yaliyosafirishwa kutoka Pwani, mwendo wa kilomita mia kadhaa, ilhali nyumba za ziwani ziliezekwa nyasi. Duara lenyewe halikuwa na siri. Lililokuwa na uzito ni mpangilio: nani anaelekea wapi, nani anapita wapi, wapi ni pa wote.

Mpangilio huo pia una dhuluma yake. Dala halikuwa na mahali pa binti asiyeolewa. Alipofariki alizikwa nje ya uzio. Mwanamke aliyeachika na kurudi kwao alikuwa mgeni katika ua aliokulia. Wanawake wengi wanaopanga vyumba Manyatta na Nyalenda walikuja mjini kwa sababu hapo mlango ni wao ilmradi kodi imelipwa, na katika jambo hili chumba cha futi kumi kiliwapa kile ambacho ukoo uliwanyima. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Mpango wa mji unaojengwa juu ya mpangilio wa familia lazima umhesabu binti kama mrithi, la sivyo utakuwa unaweka dhuluma ya zamani kwenye ramani mpya yenye muhuri wa kaunti.

Ninachokipendekeza kinaanzia kwenye hati miliki. Kwa kuwa ardhi ya Nyalenda na Manyatta ni ya familia, kaunti haiwezi kuipanga kwa kufukuza, na kununua kila kipande kwa ajili ya barabara kutamaliza bajeti kabla ya kufika mtaa wa pili. Inaweza kupanga upya mipaka kwa makubaliano: ploti kumi au kumi na tano zinazopakana, za ndugu au za koo jirani, zichukuliwe kama eneo moja, kila mmoja achangie ukanda mwembamba, makaburi yapimwe na kuwekwa kwenye mchoro kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mstari unaopita juu ya kaburi utaua mazungumzo siku ya kwanza, kisha barabara ya lori, bomba la majitaka na ua mmoja mpana viwekwe pale panapobaki. Wenye ploti wapewe ruhusa ya kujenga ghorofa mbili au tatu kwa malipo ya ardhi waliyoitoa. Chumba kimoja kidogo chenye mlango wake wa nje, kwa kijana au kwa mgeni mkwe, kiwe sharti katika kila kundi la nyumba nne au tano. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka wananchi washirikishwe, lakini ushirikishwaji wa kusomewa mpango uliokwisha kuandikwa, kwenye ukumbi, saa nne asubuhi siku ya kazi, haufiki kwa mama anayeuza omena sokoni Kibuye.

Kikwazo kigumu zaidi cha pendekezo hili ni wapangaji. Hao ndio wengi katika mitaa hiyo, hawana hati, na katika kikao cha wenye ardhi hawana kiti. Ploti ikipata barabara na bomba la majitaka, kodi itapanda, na hakuna sheria ya mila wala ya kaunti itakayomzuia mwenye ploti. Makubaliano ya kupanga upya mipaka yanapaswa kubeba kifungu cha kodi cha miaka kadhaa, na kaunti iwe tayari kukisimamia kwa sababu ndiyo inayolipia bomba. Bila kifungu hicho, wapangaji watasogea Kajulu na kandokando ya Nyamasaria, ambako sasa hivi madala yanakatwa kuwa ploti, ndugu wakigawana bila kuacha barabara, kwa mtindo uleule ulioanza Manyatta baada ya 1972.